Fomu ya Mbio Ninayo Mimi

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio Ndefu,
Ofisi ya juu, ngazi za nje.

YAH: MBIO ZIPUNGUZWE, AU MWANANGU AKATALIWE KWA UPOLE

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na umekaa, maana kukaa ndilo jambo ninalokuja kulitetea. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa kijani, hapo chini ya ofisi yenu. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua, kwa kuwa kila asubuhi unapita dirishani kwangu ukipanda, na nasikia unavyopumzika ngazi ya sita.

Shule niliishia darasa la nne, hivyo utanisamehe pale mwandiko unapopanda mlima. Ila kuhesabu najua. Fundi asiyejua kuhesabu huvisha watu mikono mitatu.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu, kitinda mimba, mwenye miaka ishirini na sita, anayepima watu macho kwenye duka la miwani, amejaza fomu ya mbio zenu pamoja na rafiki zake wawili. Hao wawili wamekwisha kuleta za kwao. Yeye hutoka kazini mmeshafunga, kwa hiyo alinikabidhi mimi yake niipandishe huko juu. Ngazi kumi na nne tu. Leo ni siku ya tisa, na fomu iko kwenye meza ya cherehani, ndani ya gazeti la mitindo. Kesho saa sita mchana mnafunga kupokea. Akiniuliza namwambia ofisi zina foleni. Sijasema uongo. Ofisi zina foleni. Sikusema ya kwenu.

Basi kabla sijaamua kupanda au kutopanda, nina malalamiko. Nimeyapa namba ili uyajibu moja moja bila kuruka.

1. Urefu. Nimeambiwa ni kilomita arobaini na mbili, na mita mia moja tisini na tano juu yake. Mimi vitu hivi navielewa kwa kitambaa. Jora langu lina mita thelathini. Nimepiga hesabu mezani kwa chaki nikapata majora elfu moja na mia nne, na mengine sita na nusu. Mwenyekiti, nimeshona miaka thelathini na mmoja na majora hayo sijayamaliza, nanyi mnataka watoto wa watu wayamalize kabla ya chakula cha mchana.

Na hicho kipande cha juu, hizo mita mia moja tisini na tano, ni za nini? Mimi nikikata gauni la mteja kikabaki kipande, namrudishia au namtilia mfuko. Simshonei mkia kwa sababu tu kitambaa kipo.

2. Mbio zinaanzia uwanjani na kuishia uwanjani. Nilimuuliza binti mara mbili nikidhani ananitania. Yaani mtu anaamka alfajiri, anakwenda uwanjani, anatoka uwanjani, anahangaika, anarudi uwanjani. Mume wangu hajakimbia tangu siku ya harusi yetu, na hata siku hiyo ni kaka zangu waliomkimbiza. Akienda akakaa pale uwanjani tangu asubuhi, mwisho wa siku yeye na mshindi wenu watakuwa mahali pamoja, na yeye hana jasho. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nanyi huo ukingo mmeuwekea utepe na bendera.

3. Nasikia mnaanza kwa bastola. Mtu akisikia risasi akakimbia, namwelewa, ana akili zake. Hawa wenu wanajipanga mstari, wanainama na kuisubiri. Tena aliyeipiga hakimbizwi wala hakimbii, anarudi kivulini. Nimeona bango lenu hapo ukutani, wewe ndiye uliyesimama katikati umevaa fulana ya mbio. Jicho langu ni futi, Mwenyekiti. Ile fulana ni ya mtu mwingine. Kiuno chako ni inchi arobaini na nne, na nasema hivi kwa heshima zote: shuka nikuongezee vipande ubavuni.

4. Rafiki zake. Mmoja ni dada mrefu anayeendesha lori la saruji, wanamwita Twiga. Wa pili ni kinyozi. Kikundi chao wamekiita Mguu Niponye, maneno ambayo mimi nimezoea kuyasikia kwa mtu aliyefukuzwa na mbwa. Ni watoto wazuri, wana adabu, ndiyo maana wananitia hofu. Mtoto mbaya ungemkataza.

Tangu joto lianze, kila Jumamosi wakimaliza kukimbia hawarudi nyumbani kama watu waliochoka. Wanakwenda ziwani. Wanaogelea, wanarushiana mpira mchangani, wanajilaza kwenye nyasi wakitazama mawingu, watu wazima wenye kazi zao. Mwezi uliopita walilala huko huko, kwenye hema. Mimi na baba yake tulijenga nyumba ya matofali kwa miaka kumi na mmoja, mtoto anakwenda kulala ndani ya kitambaa. Nikataka niletewe hilo hema nilione. Mshono wa kuparaza, uzi usiojua mvua. Nikamwambia Twiga kwamba hata foronya ningeona haya kuishona vile. Akacheka, akasema, "Basi tushonee wewe, Mama." Nikalifumua lote nikalishona upya, mishono miwili miwili. Na hili pia liandikwe kama lalamiko, kwamba nilishirikishwa.

Baadaye wakaniletea fulana zao za mbio nizipunguze. Ya binti yangu niliiongezea mifuko minne: wa leso, wa ndizi, wa dawa ya kifua, na wa karatasi yenye jina la mtaa wetu. Kinyozi akaigeuza geuza, akauliza, "Mama, huyu anakwenda mbioni au anahama?" Nikamwambia aende akanyoe watu.

5. Daktari. Hapa, Mwenyekiti, soma polepole.

Binti huyu alipokuwa na miaka saba kifua kilimbana hata midomo ikabadilika rangi. Daktari wa zahanati aliniambia nimwepushe na mambo manne: vumbi, baridi, moshi na mbio. Nikayashika kama amri. Wenzake wakikimbizana nje, yeye alikuwa chini ya meza yangu ya kukatia akipanga vifungo, vyekundu huku, vyeupe huku. Akawa hodari wa vifungo mtaa mzima. Shuleni kila mwaka nilipeleka barua asishiriki michezo, na kila mwaka siku ya michezo alishikishwa yeye makoti ya wenzake.

Sasa fomu yenu inataka sahihi ya daktari. Akaenda kwa yule yule, amezeeka tu. Akampima, akamwambia kifua kilipona zamani, tena kukimbia ndiko kutakakokiimarisha. Akatia sahihi. Nikamfuata mwenyewe. Nikamuuliza, hiyo zamani ni lini? Akafikiri, akasema labda alipofika miaka kumi na mitatu hivi. Kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja saa.

Toa mwenyewe, Mwenyekiti. Ishirini na sita, ondoa kumi na mitatu. Miaka kumi na mitatu nimemwekea ulinzi mtu mzima wa afya. Nimemfunga skafu wakati wa joto. Nimemnyima baiskeli. Nilipomwambia binti kwamba madaktari siku hizi wanatia sahihi ovyo, akanijibu, "Mama, mwili ni wangu." Nikamwambia mwili ni wako lakini risiti ninayo mimi. Hapo nikaona jibu langu halikuwa zuri kama nilivyodhani.

Kwa hiyo naomba Kamati imkatae kwa sababu za afya. Si yake. Yangu. Maana akimaliza hizo kilomita zenu zote akiwa mzima, nani atakayenieleza nilikuwa namlinda na nini?

6. Fupi. Alikuwa na kikohozi kidogo kilichobaki, cha mazoea tu, na kwa hicho nilijua yuko chumba gani. Tangu aanze mazoezi hakohoi. Nyumba imekuwa kimya hadi namwita bila sababu, na akiitika sina la kumwambia. Namwambia afunge dirisha.

7. Uvumi. Siku ya kwanza ya mazoezi alitoka bila sweta, nikamfuata nalo hadi kona. Kona nikakuta hayupo. Siku ya pili nikatoka mapema, nikafika kituo cha mafuta. Wiki ya tatu, darajani. Sasa majirani wanasema mama naye anakimbia. Naomba Kamati itoe tangazo lenye mhuri kwamba mimi sikimbii, nawahi. Anayekimbia anataka kwenda. Mimi nataka mtu arudi. Jumamosi iliyopita niliwahi hadi ziwani. Twiga alinitandikia taulo. Kinyozi, ambaye hukata kila kitu isipokuwa maneno, akasema, "Shikamoo Mama. Sweta leo limeshika nafasi ya nne." Binti yangu alicheka hadi akakaa chini mchangani, na sikumbuki lini nilimwona akikaa chini kwa sababu hiyo.

Kwa hayo saba, naomba mfanye moja kati ya yafuatayo, na kuchagua ni kwako.

Wekeni kiti kila kilomita. Si benchi, kiti chenye mgongo, na mtu wa makamo pembeni wa kumwambia mkimbiaji, "Kaa kwanza mwanangu, njia haiondoki."

Au zileteni mbio hapa. Jengo letu nimelipima kwa futi, kulizunguka ni mita themanini na nne. Wakizunguka mara mia tano zimetimia kilomita arobaini na mbili kamili, mkia umekatika, na mimi nitakuwa namwona akipita mbele ya dirisha kila baada ya muda mfupi.

Au ushindi mumpe atakayerudi kama alivyotoka. Nitawapima mlangoni wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na atakayepungua hata nusu inchi aondolewe.

Au msimu wa joto ufutwe, maana huko ndiko yalikoanzia yote, maziwa, mahema na mawingu. Sijui ni ofisi gani inayoshughulika na joto, lakini wewe una mhuri, na aliye na mhuri hashindwi kumjua mwenzake.

Ikiwa hayo yote ni mazito, basi mwambieni tu kwamba nafasi zimejaa. Kuwapunguzia kazi, barua hiyo nimekwisha kuwaandikia, kwa maneno mazuri, na nimemsifu sana ndani yake. Inasubiri sahihi yako.

Nisalimie katibu wako, na yule dada wa mapokezi mwenye gauni la zambarau. Mwambie pindo la nyuma limefumuka, ashuke kabla watu hawajaliona. Nisalimie mlinzi na mgongo wake. Mkeo na watoto nao uwafikishie salamu, hasa yule anayekupa shida, kwa kuwa kila nyumba inaye. Mume wangu hapa anakusalimu. Amesema nisimtaje katika jambo hili.

Ni mimi, nisiyeshindana na mtu,
Mama mzazi,
Fundi wa mlango wa kijani.

Nyongeza. Kama wewe ni kama mume wangu, ambaye barua huanza kuzisoma kutoka chini, ishia hapa hapa, huko juu usiende.

Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, binti, leo amepata ruhusa kidogo kazini, akapita kuniletea chakula cha mchana. Aliweka bakuli mezani. Gazeti la mitindo lilikuwa limesogezwa na mtikisiko wa cherehani, na kona ya fomu ilikuwa nje, kona yenye jina lake. Aliiona. Nilimwona akiiona. Angeweza kuichukua akaipandisha mwenyewe, ofisi ilikuwa wazi na miguu anayo. Aliirudisha ndani kwa kidole kimoja, akalinyoosha gazeti, akaniambia, "Kula kabla hakijapoa, Mama," akarudi kazini. Alitembea. Hakukimbia hata kidogo, na hilo ndilo lililonishinda.

Fomu yake iko ndani ya bahasha hii. Nimeipiga pasi, maana ilikuwa imekunjamana. Ngazi nitapanda mwenyewe sasa hivi, ukisikia mtu anapumzika ngazi ya sita ujue ni mimi, si wewe peke yako. Viti acheni. Joto liacheni kama lilivyo. Ile barua ya nafasi zimejaa nimeichana. Lalamiko la kipande cha mita mia moja tisini na tano silifuti, hilo ni la ufundi na bado nina haki.

Kuna sehemu moja kwenye fomu aliiacha tupu, nimemjazia kwa mwandiko wangu, msiihesabu kama dosari. Pale panapouliza mtu wa kuarifiwa dharura ikitokea, nimeandika mama yake. Pale pa simu nimepiga mstari. Sitakuwa mbali kiasi cha kupigiwa.