Fomu ya Chuo cha Usingizi

Jumatatu, 1 Septemba

Tangazo limetoka! Limebandikwa kwenye ubao kando ya dirisha la dawa. Chuo cha wauguzi wa usingizi, wale wanaolaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, kinapokea maombi mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mwombaji asizidi miaka thelathini na tisa. Mimi natimiza arobaini mwezi Desemba. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena, niendelee kubadilisha dripu mpaka nistaafu.

Nimesoma masharti mara tatu. Uzoefu wa miaka miwili kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Ninao, tena mitatu na nusu. Mtihani wa kemia. (Ee Mungu.) Barua ya mtaalamu wa usingizi aliyekuona kazini, insha kwa maneno yako mwenyewe, sahihi ya metroni, halafu usaili.

Nafasi ishirini tu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikalibandua lile tangazo na kulitia soksini. Si wizi. Ni tahadhari. Kalamu Tatu asilione. Huyu ni muuguzi mwenzangu wa zamu, tumempa jina hilo kwa sababu hubeba kalamu ya bluu, nyeusi na nyekundu, na zote zinaandika. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosa chuo. Ana watoto watatu na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Anaudhi.

Saa nane mchana akanifuata kitandani kwa mgonjwa akiwa na fomu mbili. Kumbe alizifuata chuoni mwenyewe tangu Ijumaa. Moja yake, moja yangu. Akasema alijua nitasahau.

Nikamshukuru. Soksi ilikuwa inawasha vibaya mno.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemweleza mke wangu. Amefurahi mpaka alipofika kwenye neno kemia. Hapo akachukua simu, akampigia mama yake.

Mama mkwe amefundisha kemia miaka thelathini na mmoja. Saa kumi alikuwa sebuleni na begi dogo na boksi la chaki. Akaniuliza kwa upole wote: "Baba, hicho chuo cha usingizi unakiendea nini? Mbona wewe umeshafuzu?" Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Ni kweli kuna siku mama alinikuta kwenye kochi mdomo wazi, lakini nilikuwa nimetoka zamu!

Somo likaanza. Ubao ni mlango wa kabati letu la nguo. Nikatumia akili. Nikamwambia mama kwamba hiki kitabu nakishuku, naona swali la nne lina kosa la uchapaji, hebu alifanye yeye tuone. Akalifanya. Nikasema ahaa, na la tano je? Akalifanya. La sita nilinakili huku nikitikisa kichwa kama mtu anayehakiki. La saba akaweka chaki chini, akaniuliza kama namwona mtoto wa juzi. Akafuta yote.

Nimesimama mbele ya kabati saa mbili nzima. Mama mkwe hasemi kwa ukali. Anaguna tu. Kila nikikosea anaguna, na mke wangu jikoni anaguna vilevile. Wamerithishana.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya kwanza chumba cha upasuaji. Metroni ameniruhusu siku tatu za kutazama kazi, kwa sharti kwamba nisiguse kitu na nisimchoshe mtu.

Mtaalamu wetu wa usingizi tunamwita Bwana Taratibu. Mzee mfupi, mkimya, ana kigoda chake kichwani mwa kitanda na hakuna mwingine anayekikalia. Mpango wangu ulikuwa kumshangaza. Nilikuwa nimekariri dawa zote za nusukaputi, vipimo vyake, na hasa madhara yake, maana ndiyo yanayoonyesha kuwa mtu amesoma. Alipokuwa anavuta dawa kwenye sindano nikaanza kuyataja. Presha kushuka. Moyo kwenda kombo. Kutapika. Koo kukaza. Nikawa nimepata kasi nzuri kabisa.

Nilichosahau ni kwamba mgonjwa alikuwa bado macho.

Mama mmoja mtu mzima, mshonaji, amekuja kutolewa vijiwe vya nyongo. Akakaa wima kitandani na kusema anarudi nyumbani, yeye na vijiwe vyake wameshazoeana. Daktari wa upasuaji akanitazama juu ya barakoa. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na mama mkwe.

Bwana Taratibu hakupandisha sauti. Akaniambia niache kutaja dawa, nimshike yule mama mkono, niongee naye habari nyingine yoyote.

Adhabu! Mbele ya watu! Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Nikamwomba radhi, nikamwambia mimi huwa naropoka nikiwa na woga. Akaniuliza woga wa nini, anayepasuliwa ni yeye. Nikasema hata mimi najiuliza, mama. Akacheka kidogo. Nikamuuliza anashona nini. Sare za shule. Nikamwambia kola ya sare yangu hii haijawahi kulala vizuri. Akaishika, akaikagua, akasema aliyeikata hakuwa na haraka tu, pia hakuwa na huruma. Akaanza kunieleza jinsi kola inavyogeuzwa. Unaipiga pasi kwanza, alisema, halafu unaanzia nyuma ya shingo, unakuja hivi...

Akalala.

Nilibaki nimemshika mkono mpaka Bwana Taratibu aliponigusa bega. Saa moja na nusu baadaye akafumbua macho, akanitafuta, akasema: "...ndipo unatia mshono wa pili."

Bwana Taratibu akaandika kitu kwenye kidaftari chake. Bila shaka ni malalamiko.

Jumamosi, 6 Septemba

Mtihani wa kemia. Nilijiandaa kikamilifu. Yaani niliandika kanuni zote kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, kwa herufi ndogo safi. Kazi ya saa nzima, maana nilikosea mara nyingi na kufuta kwa spiriti na kuanza upya. Nikavaa shati la mikono mirefu. Mama mkwe alinitakia heri, akauliza mbona leo joto hili nimefunga vifungo vyote. Nikasema ni heshima kwa somo lake. Akafurahi. Nilijisikia vibaya kama hatua tatu hivi, nikapona.

Nje ya chumba cha mtihani palikuwa na bomba la maji na sabuni. Sasa mtu aliyefanya kazi hospitali miaka kumi na mitano, akiona bomba na sabuni mlangoni, mikono yake haimsikilizi tena. Nilikunja shati. Nikasugua. Viganja, katikati ya vidole, kifundo, mpaka kwenye kiwiko. Nikasuuza vizuri.

Nilipofunga bomba ndipo nikaona maji ya bluu yakizunguka kwenye sinki.

Niliingia mikono misafi kuliko watahiniwa wote. Jambo la ajabu, nilipofunga macho nikaziona kanuni zote pale zilipokuwa. Ile ya gesi karibu na mshipa. Ile ya asidi chini ya kidole gumba. Nimejibu maswali yote isipokuwa mawili.

Siku nyingine nitatumia kalamu isiyofutika.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemaliza siku tatu za kutazama. Leo Bwana Taratibu amenipa barua yake, bahasha imefungwa kwa gundi. Nimeinyoosha dirishani kwenye jua. Karatasi imekunjwa mara tatu, maneno yamepandana, lakini mawili nimeyasoma bila tatizo: ANAONGEA MNO.

Nimekwisha.

Mpango: nipoteze barua njiani na kuomba nyingine, kutoka kwa mtu asiyenijua vizuri. Nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha la korido, upepo ufanye kazi yake. Nikaondoka nikipiga mluzi. Kabla sijafika ngazi Kalamu Tatu akaniita akikimbia. Nimesahau barua yangu! Akasema ataipeleka mwenyewe chuoni pamoja na yake, maana mimi kwa kupoteza vitu hana imani nami.

Huyu mwanamke atanimaliza kwa wema.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya aibu. Naandika ili nisahau.

Insha ilikuwa bado. Kurasa mbili: kwa nini unataka kuwa muuguzi wa usingizi. Nimekaa siku nne na sentensi moja. Jana Kalamu Tatu akaacha insha yake mezani chumba cha wauguzi. Nilitaka kuiangalia tu, kupata mwelekeo. Ilikuwa nzuri sana. Mwelekeo wake nikauona ni wangu kabisa. Nikabadilisha maneno hapa na pale, nikainakili yote, leo asubuhi nikaipeleka kwa Metroni atie sahihi.

Metroni akaisoma polepole. Akavua miwani. Akanipongeza. Akasema hakujua, miaka yote hii, na akauliza nilijifungulia hospitali gani.

Sikuelewa. Akanisomea mstari wa sita: "Kama mama wa watoto watatu, nimepitia uchungu mwenyewe."

Nikajaribu kueleza kwamba neno mama lina maana pana, kwamba muuguzi ni mama wa wote. Metroni akauliza na kunyonyesha, ukurasa wa pili, nako ni kwa maana pana?

Akaichana. Hakupiga kelele, na hakusema ataniripoti. Akasukuma karatasi tupu na kiti, akaniambia niandike hapohapo mbele yake, na nisipoandika kweli, fomu yangu hatii sahihi, umri uishe nikiwa kwake.

Nikaandika. Kwamba miaka minane iliyopita mke wangu alipasuliwa ghafla na mimi nikazuiliwa mlangoni, muuguzi mzima, nisiyejua la kufanya na mikono yangu. Kwamba kupitia kioo cha mlango sikuona daktari wala visu. Niliona mtu mmoja ameketi kichwani mwa kitanda chake, amemwinamia sikioni, anamwambia kitu. Na uso wa mke wangu ukalegea. Kwamba sijawahi kuuliza aliambiwa nini. Kwamba tangu siku ile nataka kuwa yule mtu aliyeketi pale. Basi. Hata ukurasa haukujaa.

Metroni aliisoma, akachukua muda mrefu kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Akatia sahihi. Akasema nitoke, ana kazi.

Nadhani haikumpendeza. Fupi mno.

Alhamisi, 18 Septemba

Usaili. Kemia nimepata hamsini na nne, alama zilizotakiwa ni hamsini. Mama mkwe aliguna, lakini ilikuwa guno la furaha, sasa nayatofautisha. Amenipigia pasi shati mwenyewe. Mkwe kupigiwa pasi na mama! Sikujua niweke wapi macho.

Kalamu Tatu alitangulia kuingia. Alipotoka nikamvuta pembeni nikamuuliza wameuliza nini. Akaniambia yote bila kusita: swali la oksijeni kushuka, swali la kuhesabu dawa kwa uzito wa mtoto, na swali la mgonjwa anayeogopa.

Hapo nikawaza kwa kina. Mimi ningekuwa yeye, ningedanganya. Kwa hiyo amedanganya. Kwa hiyo kila kitu kitaulizwa isipokuwa hayo matatu. Nikatumia dakika ishirini kupitia magonjwa ya figo.

Wakauliza oksijeni. Nikajibu, kwa sababu naishi nayo kila siku, lakini kwa kigugumizi. Wakauliza uzito wa mtoto. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Hakuna aliyeuliza figo! Mwishoni mama aliyekaa katikati akauliza ningefanya nini kama mgonjwa anaogopa. Nikasema ningemshika mkono na kumuuliza anafanya kazi gani, halafu nimwombe anifundishe, kwa sababu mtu akifundisha anasahau kuogopa. Nikaongeza kuwa sasa najua kugeuza kola, mpaka mshono wa pili.

Yule mama akafungua bahasha, ile bahasha, akawasomea wenzake: "Anaongea mno. Wagonjwa humsikiliza mpaka wakalala. Mchukueni, nami nipate mtu wa kumwachia kigoda."

Nilitoka nje. Kalamu Tatu alikuwa amenisubiri, na alikuwa ameninunulia soda. Nikamwambia kila kitu: tangazo, insha, barua dirishani. Akasema tangazo aliliona likinichomoza soksini, na insha aliikuta imegeuzwa kichwa chini. Akaniuliza kama sasa nimemaliza vituko. Nikaapa.

Jumanne, 30 Septemba

TUMEPATA! Wote wawili! Jina langu ni la kumi na tisa, lake la kwanza, sijali!

Mke wangu alinikumbatia mlangoni, viatu nikiwa bado sijavua. Nikamuuliza, baada ya miaka minane, yule mtu alimwambia nini siku ile. Akasema hakumbuki hata neno. Anakumbuka sauti tu. Halafu akalia, nami nikalia, mama mkwe akaguna akaenda kuangalia jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Barua ya kuripoti imefika. Kuna sharti moja dogo: cheti cha kupimwa macho.

Mke wangu anasema nikapimwe, nikiambiwa nivae miwani nivae, kwani kuna ubaya gani. Mama mkwe naye anasema hivyo hivyo. Hawa watu hawana mipango kabisa. Nikapimwe tu, hivihivi?

Leo mchana nimepita kliniki ya macho kama mtu aliyepotea njia na kuupiga picha ule ubao wa herufi. Nimeshakariri mistari minne ya juu, kwenda na kurudi. Wa tano bado. Herufi zake ndogo mno, sizioni.