Fulana za Ubingwa Siku ya Mbuzi za Masika

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. Na nguo zenyewe nilizichagua mimi, nikazifua mimi, nikazipiga pasi mimi. Nisikilizeni mapema, kabla shangazi yangu Tante Kanyere hajawafikia na habari hii. Yeye akishaanza kuisimulia, mimi itabidi nihamie Kamango nikalime.

Wanaonijua wanajua. Mimi ndiye Kasereka wa nguo za balo, mitumba inayokuja imefungwa marobota, soko kuu la Butembo. Wenzangu wanafungua balo ndipo wajue kilichomo. Mimi ninalipapasa kwa nje, ninalinusa, ninakwambia: haya ni makoti ya watoto, na chini kuna suruali. Sikosei. (Ndiyo, najisifu. Subirini, malipo yake yanakuja.)

Nina kanuni moja ambayo nimewafundisha hata washindani wangu: ukikuta nguo mpya ndani ya balo, usishangilie. Hakuna mtu anayetupa nguo mpya bure. Tafuta kasoro. Kagua mishono, vuta zipu, pima mikono miwili kama inalingana. Kasoro ipo tu. Usipoiona wewe, mteja ataiona.

Shikeni hapo, tutarudi.

Leo ilikuwa siku ya mbuzi za dada yangu Masika. Kwetu sisi Wanande mahari ni mbuzi, na mbuzi haziletwi kimya kimya. Pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na maneno yanapigwa mpaka jua linachoka. Upande wa bwana ukikosea, unatozwa faini, tunaiita amande. Msemaji wetu miaka yote ni Baba Mukubwa Paluku, kaka wa marehemu baba, ambaye fimbo yake ya usemaji inaogopwa kuanzia hapa hadi Lubero. Lakini sasa sauti imeanza kumtoroka. Juzi aliniita.

"Kasereka, miye nimezeeka. Siku ya Masika utasema weye. Ukisema muzuri, hii fimbo itabakia yako. Ukiharibu, nitaikamata tena mbele ya batu bote."

"Baba Mukubwa, hesabu kama imekwisha," nikasema. Fimbo ile niliitamani tangu nikiwa na kaptula.

Bwana harusi anaitwa Kambale. Kwao ni Beni, kule Beu, lakini aliondoka bado kijana, akaenda Canada. Alirudi mara moja kumzika bibi yake, wakakutana na Masika, mambo yakawa mambo. Huko anafanya kazi kwenye timu ya hoki ya barafu. Timu ya kweli, wachezaji wanalipwa! Wanakimbia juu ya maji yaliyoganda wakiwa na fimbo, wakigombania kijiwe cheusi, na chini ya kila kiatu kuna kisu. Kazi ya Kambale ni kuvinoa vile visu.

Nilipomweleza Tante Kanyere alinitazama sana.

"Viatu bananoa? Kwani banachinja nini?"

Kambale alikuwa akimtumia Masika video za mechi, Masika ananipitishia mimi. Basi nikaufuata msimu mzima wa timu ile, mimi peke yangu katika mtaa wetu wote wa Bulengera. Jina lao ni refu, mimi nawaita Pembe, kwa sababu kifuani wana kichwa cha mnyama mwenye pembe kubwa. Jamani, msimu ule! Mwanzoni walipigwa na kila mtu. Kipa wao akaumia goti. Wakamweka kipa wa akiba, kijana mwembamba, nikasema huyu ndiye kaburi letu. Kumbe ndiye mwokozi! Wakaanza kushinda, wakapanda, wakapanda. Katikati wanapigana ngumi, mwamuzi anawatazama kwanza, halafu mkosaji anafungiwa kwenye kibanda cha kioo. Akitoka, anapigana tena. Mpaka wakafika fainali.

Siku ya fainali mtandao ukakatika Butembo nzima.

Uliporudi, nikamuuliza Masika: "Tulishinda?"

"Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi kaka yake, "mambo ya fainali muachilie Kambale. Hapendi kuisema."

Nikaelewa. (Mimi huelewa haraka, ndiyo shida yangu.) Nikasema moyoni: tazama mtu mnyenyekevu! Timu yake imechukua kombe, na yeye hataki kujisifu kwa shemeji. Nikampenda bure.

Miezi ikapita. Siku moja ninafungua balo, ninakuta nini? Fulana nyeupe, mpya, zote za aina moja, karatasi za dukani bado zinaning'inia. Kifuani kichwa chenye pembe. Juu yake, kwa dhahabu: CHAMPIONS. Nilipiga kelele mpaka muuza viatu wa jirani akadhani nimeumwa na nyoka.

Nikakumbuka kanuni yangu, nisije nikasemwa. Nikakagua. Mishono, safi. Shingo, safi. Mikono inalingana. Nikaivuta, nikailoweka, rangi haitoki. Kasoro hakuna! Nikasema basi, hii ni ishara. Ukoo mzima utavaa fulana hizi siku ya mbuzi. Kitenge cha aina moja kila familia inavaa. Sisi tutampokea mkwe kwa ushindi wake mwenyewe. Tena fulana ina mbuzi kifuani! Siku ya mbuzi! Nani angesita?

Tante Kanyere peke yake ndiye aliyesita. "Hii hapana mbuzi. Mbuzi gani eko na pua kama ya ng'ombe?"

"Tante, ni mbuzi ya baridi."

"Na juu ya nini banatupa triko mupya?"

"Ushindi ilikuwa mukubwa, Tante. Zilibakia."

Akavaa, juu ya gauni lake la Misa. Ilimbana, akawa anapumua kwa zamu. Masika sikumwambia kitu. Bibi harusi anakaa ndani mpaka aitwe, na mimi nilitaka akitoka ashangae. (Alishangaa.)

Wageni wa Beni walichelewa. Mimi tayari nimesimama mlangoni na fimbo ya Baba Mukubwa, kifua mbele, nang'aa dhahabu. Msemaji wao, Papa Mbusa, mzee mfupi mwenye mdomo wa wembe, akaanza kueleza habari ya barabara na vizuizi.

"Papa," nikamkata, "kwetu barabara haiombake musamaha. Amande: mbuzi moja."

Upande wetu ukapiga vigelegele. Baba Mukubwa akatikisa kichwa kwa furaha. Papa Mbusa akatoa mbuzi, lakini akanitazama kwa jicho la "tutaonana". Nikamtazama mimi kwa jicho la "tuonane saa hii".

Wakakaa. Ndipo Kambale akainua kichwa akaona upande wetu. Safu nzima, wazee kwa vijana, mama kwa mabinti, wote mabingwa. Macho yakamlowa.

Nikamnong'oneza Baba Mukubwa: "Unaona? Imemugusa."

Ilikuwa imemgusa, hilo sikukosea.

Nikasimama, nikaanza. Jamani, nilisema! Nilisimulia msimu wote, nikawapa wakwe kipa aliyeumia goti, nikawapa kijana mwembamba, nikawapa kibanda cha kioo. Watu wa Beni walisahau hata pombe ya kasiksi mikononi mwao. Nikaona maneno hayatoshi, nikaweka kifuniko cha chupa chini, nikaikamata fimbo ya ukoo kwa mikono miwili.

"Na mu fainali, batu yangu, Pembe balifanya hivi!"

Nikapiga. Kifuniko kikaruka, kikamwangukia Papa Mbusa kwenye sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Goooooli!" nikapaza sauti. Vijana wakapaza pamoja nami.

Kutoka dirishani nikasikia Masika: "Yaya! Yaya, nyamaza! Acha!"

Furaha ya bibi harusi hiyo, nikasema. Nikamwelekea Kambale, nikashusha sauti kama mhubiri anayemaliza.

"Lakini mwenye alitupa lile kombe haiko kipa. Haiko mwenye alifunga. Ni mukono yenye ilinoa kisu! Kama kisu hainolewe, mutu anateleza. Kambale, simama batu baone ile mukono! Ile mukono ndiyo ilimaliza fainali!"

Kambale alisimama. Nikafungua mikono nimkumbatie.

"Yaya Kasereka," akasema polepole, "tulipoteza."

"Tulipoteza nini?"

"Fainali. Tulipoteza. Mwishoni muchezaji yetu mukubwa alibakia yeye na kipa tu. Akaanguka. Kisu ya kiatu ilikuwa imenolewa kupita kiasi, ikakamata barafu." Akauinua ule mkono. "Miye ndiye niliinoa."

Mimi bado mikono nimeifungua.

"Mais," nikasema (na hapa ndipo mtu mwenye akili angekaa chini), "lakini triko inasema champions!"

"Kabla ya fainali banachapaka triko ya timu mbili zote, ili wenye kushinda bavae palepale. Ya wenye kupoteza haziuzwake kule. Banazitumaka mbali sana, fasi hakuna mutu wa kule atakaziona."

Kila mtu akajitazama kifuani. Mbali sana, jamani, ndiyo sisi.

"Na ile nyama ya kifua?" Tante Kanyere akauliza kutoka nyuma, maana yeye haachi jambo. "Ni mbuzi?"

"Hapana, mama. Ni orignal. Nyama ya pori ya kule kwenye baridi."

"Nilisema!" akafoka, na mshono wa begani ukakatika hapo hapo.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Si kwa ajili ya kombe. Ni kwa sababu yule kijana amesafiri dunia nzima aje kuoa, akanikuta mimi nimeupaka dhahabu msiba wake na kuuvika ukoo mzima. Nikamwambia, "Kambale, unisamehe. Sikujua." Sauti ilitoka ndogo, hata sikuijua kama ni yangu.

Papa Mbusa akasimama. Alisimama taratibu, kwa raha zake, akitoa kifuniko kwenye sombe.

"Msemaji, kwenu barabara haiombake musamaha. Kwetu mutu mwenye analiza mugeni mbele ya batu, analipa. Amande: mbuzi moja!"

Wazee wetu wakapinga. Tangu lini upande wa bibi unatozwa? Haijawahi kutokea! Wakamgeukia Baba Mukubwa aamue. Baba Mukubwa alifumba macho kidogo, akayafumbua, akasema, "Papa Mbusa eko na haki."

Ndipo tukasikia kicheko. Kumbe ni Kambale. Alicheka akalia, akalia akacheka, akaketi chini kabisa akishika tumbo. Tukamsubiri.

"Tangu ile siku," akasema, "nikifumba macho naona ile kisu tu. Sikuweza kabisa kusema na mutu. Kumbe kuko fasi moja duniani tulishinda! Na ni kwetu! Yaya, unipatie triko moja."

Nilivua ya kwangu palepale nikampa. Akaivaa juu ya suti, na watu wa pande zote mbili wakapiga makofi, wa Beni kwa nguvu zaidi. Masika akaitwa, akatoka, akanipita bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kuifuta ile sura yenye machozi. Mahari ikapokelewa. Ndoa ipo, mshukuruni Mungu pamoja nami.

Lakini mimi nilibaki nimesimama katikati ya uwanja na singleti yenye tundu, na fimbo mkononi. Baba Mukubwa akaja, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaifuta vumbi kwa kitambaa, akarudi nayo kitini kwake, na sauti iliyokuwa imemtoroka ilirudi yote: alipiga maneno mpaka jioni!

Wageni walipoondoka, mbuzi yangu ya faini ilipanda gari kwenda Beni imevalishwa fulana na Papa Mbusa mwenyewe. Ilichungulia dirishani kwa heshima kubwa. Ndiyo pekee iliyotoka pale ikiwa bingwa.

Sasa niko nyumbani na ninaikagua fulana moja upya. Mishono safi, shingo safi, mikono inalingana. Kasoro ilikuwa kifuani, kwa herufi kubwa za dhahabu, na mimi ndiye niliyeipiga pasi.

Mnaotaka kucheka, nunueni kwanza. Zimebaki chache, mpya kabisa, na kasoro yake ninaitaja wazi: usiivae mbele ya mtu aliyekuwepo.