Maji Mdomoni

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeanza kuandika shajara. Si kwa hiari yangu. Nimeamrishwa na msichana anayeitwa Everlyn, mshauri nasaha, ambaye ningeweza kumzaa. Ofisi yake iko juu ya duka la mabegi, Barabara ya Tom Mboya. Kampuni imenilipia saa nzima ya kuulizwa nahisi nini. Nikamwambia nahisi njaa.

Haya yote ameyaleta mchungaji. Wiki jana alikuja kwenye kaunta yetu ya vifurushi akauliza kwa nini kinanda chake kimefika bila miguu. Akauliza tena. Akauliza tena! Nikamwita punda. Sikujua ni mchungaji, hakuwa amevaa kola.

Madam Syokimau, meneja wetu, hakupaza sauti. Hapazi kamwe, ndiyo maana anaogopesha. Alisema ana barua mbili mezani, moja ya kuniajiri kabisa, nyingine ya kwaheri. Jumatatu ijayo atatia sahihi moja. Mteja yeyote akilalamika kabla ya hapo, basi ni kwaheri.

Nina miaka arobaini na minane. Hoteli niliyofanyia kazi zamani ilifungwa, na mwaka ule mimi na mke wangu Nakhumicha tuliuza kochi. Kochi halijarudi mpaka leo. Siwezi kupoteza kazi tena. Siwezi!

Everlyn alisema hasira ikipanda nipige funda la maji, nitulie, kisha niseme kwa neno moja ninachohisi. Hiyo ya maji niliipenda. Ile nyingine sikuisikia vizuri, nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Jumanne, 4 Novemba

Nimenunua chupa. Nimeificha chini ya kaunta.

Asubuhi akaja jamaa wa gambuti. Ametumiwa gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto. Akaanza kunifokea mbele ya foleni. Nikapiga funda, nikalifunga mdomoni. Akafoka, nikatikisa kichwa. Akafoka zaidi, nikatikisa zaidi. Mwishowe akanitazama mashavu akadhani jino linaniuma. Akanipa pole! Akaniambia nitafune karafuu, akaondoka na gambuti zake.

Ushindi! Nilitamani kucheza isikuti, ngoma ya kwetu, pale pale.

Shida ni moja. Kila funda lazima limezwe. Kufikia saa sita nilikuwa nimekunywa chupa nzima na nyingine juu yake. Nikawa mtu wa choo. Kila nikirudi, namkuta Kitavi amewahudumia wateja wangu.

Kitavi ndiye mwenzangu wa kaunta. Alikuja juzi tu, na tayari kina mama wanamletea maembe. Sauti yake ni ya kubembeleza mtoto. Huniita mkubwa. Akisema pole, watu wanapoa kweli. Mtu wa namna hiyo ni wa kuchungwa! Nina hakika anaitaka nafasi yangu.

Madam alipita akaona kiti changu kitupu. Akaandika kitu.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimebuni mbinu ya kupunguza safari za choo. Funda moja tu, nikae nalo muda wote, nisimeze. Na juu ya maji, tabasamu. Anayetabasamu hafokewi.

Kumbe nimekosea siku.

Akaja dada mmoja, Mercyline. Fulana za mazishi ya babake zimepotea, zile zenye picha ya marehemu kifuani. Mazishi ni Ijumaa, kijijini, na familia nzima inazingoja. Alieleza huku midomo ikimtetemeka. Nami namtazama, mashavu yamejaa, natabasamu.

Akauliza kama namcheka. Nikatikisa kichwa kukataa, na tabasamu likazidi kupanuka kwa sababu ya woga. Akaangua kilio. Foleni yote ikanigeukia. Mzee mmoja akasema kijana wa sasa hana adabu, na mimi si kijana hata kidogo.

Kitavi akazunguka kaunta, akamshika Mercyline mkono, akamkalisha. Akapiga simu huku na kule, kumbe fulana ziko kwa wakala wetu wa Dagoretti Corner, ziko salama. Mercyline alitaka kupanda juu kwa Madam kunishtaki. Kitavi akamsihi asiende. Alimwambia niko na matatizo.

Matatizo! Mimi!

Nilijifungia stoo. Niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: niliona haya mpaka masikio yakawasha. Nilitaka kulia. Nikaona afadhali nimchukie Kitavi, nikamchukia mpaka saa ya kufunga.

Ijumaa, 7 Novemba

Maji peke yake hayatoshi. Hasira lazima itoke mahali. Nimepata mahali pa kuitolea: katoni. Stoo imejaa katoni tupu. Nikaingiza kichwa ndani ya moja kubwa ya friji, nikapiga ukelele. Ukabaki humo humo! Nikatoka nikiwa mwepesi. Mteja mmoja akaniambia huduma yetu ni mbovu, nikamjibu Mungu ambariki, nikarudi kwenye katoni.

Safari ya nne nilisikia mtu akinigusa mgongo. Kitavi. Nikachungulia ukingoni, amesimama na kikombe cha chai. Akauliza kama niko sawa. Nikamwambia natafuta kalamu. Kichwa changu kikiwa bado ndani.

Akaniachia chai. Ilikuwa na tangawizi, ninavyoipenda. Amejuaje? Ananipeleleza!

Alasiri nikamsikia yeye na Madam wakiongea Kikamba kando ya jagi la maji, wakicheka. Nikajua nimekwisha. Nakhumicha ameniambia huenda walikuwa wanaongea mambo ya mvua. Nakhumicha haelewi ofisi.

Basi nimefikiria hatua ya mwisho. Nimemwalika Madam chakula cha mchana Jumapili, kwangu Kangemi. Ajionee mwenyewe mume mtulivu, baba wa watu, amekaa kwake akitawala nyumba kwa upole. Nani atamfuta kazi mtu aliyemlisha kuku?

Amekubali! Kisha akasema atakuja na Kitavi, ndiye anayeijua njia.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumeenda sokoni na Nakhumicha kuchagua jogoo. Amewapapasa vifua jogoo wa soko zima. Amechukua mwekundu mmoja, mkali, alinidonoa njia nzima.

Nakhumicha anasuka nywele Kenyatta Market, huko anasikiliza shida za wanawake kutwa, basi anajiona mshauri. Leo akinyonyoa ameniambia, Baba Quincy, wewe huna hasira, una woga. Ati tangu hoteli ifungwe naogopa, na mtu akiniuliza swali naona kama ananifukuza. Ati nimwambie Madam hivyo tu, naogopa, yatakwisha.

Nikamwambia aangalie kuku.

Mwanamume aende kwa bosi wake akaseme anaogopa! Mambo gani hayo.

Nimemkumbusha jambo moja tu. Firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mgeni hainyooshei mkono asipopewa. Babangu aliila peke yake, sisi tukimtazama, na hakuna aliyethubutu kuomba. Hata siku tulipouza kochi, Nakhumicha alipata kuku mahali, sijui wapi, na firigisi ikaja kwenye sahani yangu. Niliila nimekaa sakafuni, nikajua bado mimi ni mtu.

Kesho Madam ataiona kwenye sahani yangu. Ataelewa.

Jumapili, 9 Novemba

Ee Mungu wangu.

Niandike polepole.

Walikuja baada ya kanisa. Madam kavaa gauni la kitenge. Kitavi kaleta mkate na maembe. Viti tumeazima kwa jirani yetu Millicent, na nyuma ya viti akaja paka wake, akajilaza chini ya meza.

Chupa yangu nilikuwa nayo miguuni.

Nakhumicha alileta ugali, mboga na bakuli la kuku. Kabla hajanipakulia, Millicent akamwita mlangoni, anataka kujua viti vitarudi saa ngapi. Ndipo Kitavi, kwa adabu zake zote, akasema tusimsumbue mama, tujipakulie. Akatia kijiko kwenye bakuli. Kikatoka na firigisi.

Firigisi yangu! Akaiweka kwenye sahani yake kama kipande chochote tu. Anaongea juu ya mvua.

Nikapiga funda. Nikalishika. Macho yalinitoka, lakini nililishika. Nakhumicha aliporudi akaona sahani ya Kitavi, akaniona mimi, akakaa chini taratibu akaanza kuomba kimoyomoyo. Nilimwona midomo.

Na nikashinda! Nasema nilishinda. Nilimeza maji, nikatabasamu, nikamuuliza Madam habari za kwao. Alinisifu. Alisema ameona nyumba yenye amani. Alisema ile barua nzuri amekwisha kuiandaa, kesho ni sahihi tu, na nimshukuru Kitavi, kwa maana wiki nzima amekuwa akinitetea.

Nikapiga funda jingine, la furaha hili.

Hapo ndipo Kitavi akacheka kidogo, akaomba radhi kwa Nakhumicha. Alisema kuku ni mtamu sana, ila kuna kale kanyama kagumu kamemshinda meno, amempa paka.

Paka!

Nikatazama chini ya meza. Paka alikuwa anajilamba.

Maji yalitangulia. Yote yalimpata Madam, kifuani. Kisha yakafuata maneno. Sikumbuki yote. Nakumbuka nilimwita paka mwizi na Kitavi nikamwita paka. Nilitaja firigisi, nikataja kochi, hoteli, kinanda cha mchungaji, gambuti. Nililia pia. Watu wa ploti nzima walikuwa mlangoni. Millicent akachukua viti vyake, na kimoja Madam alikuwa amekikalia, ikabidi asimame.

Nakhumicha amelala akitazama ukuta.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikwenda kazini. Nilikaa kitandani na viatu miguuni.

Kifua kinaniuma kama nimebeba magunia. Namwona Quincy, kijana wangu, anafanya mtihani wake wa Kidato cha Nne wiki hii. Ananingoja mimi nimwambie kinachofuata. Mimi ninayemwagia meneja maji.

Alasiri Madam amepiga simu. Sauti yake ile ile ya chini. Amesema hajatia sahihi barua yoyote. Kitavi amemsihi sana. Basi nije kesho asubuhi, nimwombe Kitavi msamaha mbele yake. Hataki hotuba. Anataka neno moja, kisha anatia sahihi ile nzuri na tunasahau.

Neno moja! Nilimkumbatia Nakhumicha kwa nguvu. Amesema niseme samahani, na nikiweza niongeze kwamba naogopa. Amenipigia pasi shati.

Lakini mimi najijua. Mdomo huu ukifunguliwa kwa neno moja, yanatoka mia. Lazima niwe na kinga.

Jumanne, 11 Novemba

Nilipiga funda nikiwa kwenye ngazi. Kubwa. La kutosha.

Nikaingia. Madam amekaa, barua mbili mbele yake, kalamu mkononi, chai inafuka. Kitavi amesimama kando, ameshika mfuko. Mpango wangu: nimeze maji taratibu, niseme samahani, nitoke. Rahisi.

Kitavi akaanza kabla yangu. Alisema jana alimuuliza mlinzi wa mlangoni, mtu wa kwetu Kakamega, naye akamweleza juu ya firigisi. Alisema hakujua. Alisema alishindwa kulala kwa aibu. Kwa hiyo alfajiri amepitia kwa muuza nyama akanichukulia. Akafungua mfuko.

Firigisi. Kilo nzima. Za kuku nisiowajua! Zimefungwa kama njugu za barabarani! Ati mkubwa, nisamehe, hizi zote ni zako.

Ikapanda. Niliisikia ikipanda kutoka magotini. Nikimeza maji, nitafoka. Nikitema, nimemwagia Madam mara ya pili. Nikabaki hapo hapo.

Madam akasema anangoja. Nikatikisa kichwa. Kitavi akaniambia kwa upole, mkubwa, sema tu. Nikatikisa. Maji yalianza kuwa ya moto mdomoni. Machozi yakanitoka, yakapita juu ya mashavu yaliyojaa. Kitavi akanishika bega, naye macho yamemlengalenga. Chai ya Madam ikaacha kufuka.

Akavuta barua ya kwaheri. Akatia sahihi.

Nilimeza nikiwa nje, kwenye ngazi. Na neno likatoka, lenyewe, wazi kabisa. Samahani. Nilimwambia mlinzi, hakuna mwingine aliyekuwepo. Akasema hakuna shida, mzee.

Nimerudi nyumbani na mfuko. Nakhumicha amenipokea mfuko. Amezipika zote kwa kitunguu, akanipakulia zote, sahani imejaa mpaka ukingoni, nimezitazama zimepoa. Haziteremki. Quincy amekula mbili. Paka wa Millicent amekuja mlangoni, nikamwekea zilizobaki.

Mahali pa kochi leo panaonekana pakubwa zaidi.

Lakini haki iandikwe. Sikupaza sauti. Sikumtukana mtu. Nilisimama mbele ya kilo nzima ya matusi na halikunitoka hata neno moja! Kwa hiyo mbinu ya maji inafanya kazi. Yule msichana Everlyn alikuwa sahihi.

Kesho naanza kutafuta kazi. Nitabeba chupa kubwa zaidi.