Munyama Mukubwa wa Muheto

Mwaka wa 1954 Serikali ilitangaza kwa tarumbeta kuanzishwa kwa Huduma Kuu ya Kuzima Kifafa katika milima ya Masisi. Wagonjwa waliombwa wasiisogelee, wasije wakavuruga kazi.

Mimi nilipika chai ya Huduma pale Muheto, kwa hiyo mambo ya utawala nayajua.

Kazi ilifanywa juu ya simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya tunaowafuga jikoni. Kwa kuwa walikuwa wazima, Serikali iliwatia kifafa kwanza kwa betri ya kamio, lori lake la mizigo, ndipo iwaponye. Dokta Hubert alikuwa na moyo mwema: kila simbilisi aliyeanguka alimfunika kwa sweta yake.

Mjukuu wangu Colette alikuwa na kifafa bila msaada wa betri. Alikuwa ameanguka motoni, mkono ukaungua. Nikaomba dawa.

"Mama, sheria ni sheria," Dokta akasema. "Kwanza munyama mudogo, kisha munyama mukubwa, kisha muntu. Ngombe ya Serikali haiyafika."

"Iko wapi?"

"Iko njiani, toka Ulaya."

Dawa ilikuwa unga wa aina mbili, mweupe na wa manjano, uliochanganywa katika uji wa ndizi. Simbilisi waliugomea. Dokta akaitisha kikao na mlinzi wao, Papa Kanyamibwa.

"Dokta, haukuonja," Kanyamibwa akasema. "Kwetu mwenye kutoa pombe njo anaonja mbele, wageni waone haina sumu. Hawa simbilisi wamekomalia kwetu, desturi wanaijua."

Ikawa kanuni palepale: Dokta ataonja kabla ya kila simbilisi. Alionja kwa uaminifu, kijiko kimejaa, akimwinamia kila mmoja. Simbilisi walikuwa wengi. Kabla hajamaliza safu ya kwanza alilala chini akikoroma, nao wakapanda tumboni kwake.

Saa sita akaingia Mkaguzi wa Serikali.

"Hii ni nini?"

"Munyama mukubwa, Bwana," Kanyamibwa akajibu.

"Anapumua vizuri," nikaongeza. "Kifafa hakuna."

Mkaguzi aliviangalia viatu vya munyama. Lakini alikuwa ameshapiga telegramu kwamba kazi imefaulu, na ng'ombe hakuwepo.

"Amefaulu," akatangaza. "Sasa muntu."

Colette alipewa chembe chache za dawa, nami nikaonja mbele. Juma lile hakuanguka.

Dokta alipoamka alitaka kwenda kwake. Kanyamibwa akamzibia mlango kwa heshima.

"Sheria ni sheria, Dokta. Munyama ya Serikali haitoke mupaka ngombe ifike."

Nikamfunika kwa sweta yake, nikampelekea chai. Niliionja kwanza.