Ombi la Kuthibitishwa Rasmi Kuwa Mimi Si Tajiri

Rhealyn Sumagaysay,
Nyumba ya tatu baada ya duka la mchele,
Mtaa wa San Roque, Iloilo.

Kwa Mheshimiwa Perlita Magbanua,
Mwenyekiti wa Mtaa.

YAH: KUOMBA HATI YA UFUKARA KABLA YA SIKUKUU YA SAN ROQUE

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimeona niandike badala ya kuja ofisini kwako, kwa sababu mara ya mwisho nilipofika makarani wote walisimama, na mmoja akanifutia kiti. Nilikuwa nimevaa kandambili zilizoshonwa kwa waya.

Shida yangu ni moja. Jumapili iliyopita kamati ya sikukuu ilinitangaza kanisani kuwa Hermana Mayor wa mwaka huu, yaani mtu wa kulisha mtaa mzima siku mbili, kulipa bendi, na kutangulia maandamano akiwa na mkanda wa dhahabu begani. Nashukuru kwa heshima hiyo. Ila kipato changu ni peso elfu ishirini na saba na mia tano kwa mwezi, tena mwezi ambao mteja amekumbuka kulipa. Naomba unisikilize jinsi mambo yalivyoharibika.

1. Mimi ni mfanyakazi wa kujitegemea. Nakaa sebuleni na kompyuta, nafanya kazi ya duka moja la Australia linalouza magodoro ya mbwa. Naandika sifa za magodoro hayo na kujibu malalamiko ya wenye mbwa. Godoro lao la bei ya chini kabisa ni ghali kuliko ninalolalia mimi, lakini nimeandika mara nyingi, bila kinyongo, kwamba kila kiumbe anastahili kulala pazuri. Miaka mitatu yote mtaa uliniita mtu asiye na kazi. Manong Teroy wa duka la mchele, anayemwita kila msichana Inday, alizoea kuniambia, "Inday, hujachoka kukaa? Mwenzio Liezel yuko Dubai anahangaika, wewe unabonyeza-bonyeza tu." Ile ilikuwa raha, na sikuijua.

2. Mwezi wa tano nilisikiliza mafunzo ya bure ya mwalimu mmoja wa mafanikio mtandaoni. Alisema maskini ni mtu anayejiwekea malengo ya kimaskini. Tuandike kipato tunachokitaka kwa herufi kubwa na tukibandike mahali tutakapokiona kila siku. Nikaandika RHEALYN: PESO 200,000 KWA MWEZI, nikabandika kwenye friji. Nakiri kwamba namba ile niliiokota hewani. Nilikuwa nimetoka kula na nilijiona naweza lolote.

3. Friji hiyo ni ya shangazi yangu, Tiya Consing, aliyenilea tangu nina miaka minne. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hasomi tena hata kitabu cha sala, lakini herufi zangu zilikuwa kubwa kama mwalimu alivyoagiza. Akasoma. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kwenye rozari ya Ijumaa, na kwa mujibu wa watu saba tofauti alisema hivi: "Laki mbili kila mwezi, na wala hajivuni. Bado anavaa kaptula yenye tundu."

4. Ndani ya wiki tano nimeombwa kuwa mama wa ubatizo wa watoto tisa. Mmoja wao hajazaliwa, na wazazi wake, kwa ninavyofahamu, hawajaanza kuzungumza. Liezel ameniandikia kutoka Dubai akiuliza kama kampuni ya mbwa inaajiri.

5. Nikaona nijisahihishe kama mtu mzima. Nilikaa na penseli nikaweka lengo la kweli: peso elfu thelathini na tano kufikia Desemba, nikipata mteja mmoja zaidi. Hiyo nyongeza ni ya macho ya Tiya Consing, afanyiwe upasuaji kabla hajapofuka kabisa. Nikabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Tiya alipoiona alilia hadi wali ukaungua, maana kwa hesabu yake nilikuwa nimekatwa mshahara wa laki na elfu sitini na tano. Kufikia adhuhuri tulikuwa na sufuria tatu za pancit, zile tambi za kukaanga, za kutufariji, na akina mama wameanza novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Yuda Tadei ili bosi wangu alainike moyo. Manong Teroy alileta mchele. "Wazungu ndivyo walivyo, Inday. Wakishakuzoea wanakunyonya." Nimepewa pole, Mheshimiwa, kwa kupoteza hela ambazo sijawahi kuziona.

6. Nilimweleza Tiya kwamba laki mbili ilikuwa lengo tu. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Kwa hiyo hujapata bado." Nikakubali. "Basi ni ileile, imechelewa tu." Akaenda kuwaambia kamati kwamba novena imejibiwa.

Kwa hiyo naomba: ofisi yako inipe hati ya ufukara yenye muhuri, isomwe kwa kipaza sauti asubuhi na jioni; baraza lipitishe kanuni kwamba mkazi asitozwe mchango kwa kile anachotamani; na friji zote za mtaa zikaguliwe kila robo mwaka, anayekutwa na lengo lisilolingana na kipato chake aonywe mbele ya majirani. Nafasi ya Hermana Mayor apewe mwenye uwezo. Nikiichukua mimi nitakopa, na nikikopa macho ya Tiya yatasubiri. Hilo sitanii.

Nisalimie baraza zima, makarani, padri, bendi, na kamati pia, ingawa nimewakasirikia.

Mkazi wako mtiifu na asiye na kitu,
Rhealyn Sumagaysay

Baada ya kuandika: Tiya Consing aliniomba nimsomee barua hii kabla sijaifunga. Nilimsomea yote. Akasema, "Miaka ishirini na mitano wananionea huruma kwa kulea mtoto wa mwenzangu. Niache mwaka mmoja tu wanionee wivu." Nilimkumbusha macho. Akasema kwa macho hayohayo aliyonayo, mkanda wa dhahabu bado anauona.

Kwa hiyo usigonge muhuri. Bendi iwe ya watu kumi na wawili. Ila jina la kwenye mkanda liwe la Tiya, kwa ukamilifu Consorcia Sumagaysay, si langu. Mimi nitatembea pembeni yake nimemshika kiwiko, maana barabara yako, Mheshimiwa, ina mashimo na yeye hayaoni.