Jiwe la Thomas Leafey na Nafasi Chini ya Mnara

Jumatatu, 3 Juni

Percy Hobday, una bahati umeshakufa, maana leo ningekuua mimi. Usinitazame hivyo. Najua huna macho, wewe ni majivu ndani ya kopo juu ya rafu ya meko, lakini unanitazama. Nilikwambia nini, nafasi za makaburi zilipokuwa tele kama upupu? Nilikwambia tuchukue yetu mapema. Ukanijibu, "Winnie, haraka ya nini? Hatuhami." Sasa ona! Makaburi ya kanisa yamejaa. Imebaki nafasi moja. Moja! Chini ya mnara wa kengele, palepale ulipotaka kulala ili uzisikie kengele ulizozivuta kamba tangu ujana wako.

Nimeyasikia kwa kasisi mwenyewe, Mama Philippa. Atakayeikosa atapelekwa makaburi mapya, kule barabara kuu, ubavuni mwa shamba la nguruwe. Kengele haifiki huko. Harufu inafika.

Na nani mwingine anaitaka? Enid Crouch. Mgeni! Kaja kijijini juzi tu, mwaka ule wa ukame mkubwa, nikiwa na mimba ya Doreen. Doreen sasa ana mvi, sawa, lakini mgeni ni mgeni. Hata mzee wa kanisa, Bwana Yapp, mpaka leo humwita "yule mama wa kutoka nje".

Kasisi hataki ugomvi. Amesema nafasi itapewa ukoo uliotangulia kuzikwa katika parokia hii, na ushahidi uonekane kwa macho, Jumapili baada ya ibada. Nikacheka moyoni. Mimi ni Leafey wa kuzaliwa. Baba alikuwa akisema akina Leafey walikuwepo hapa kabla ya kanisa, kanisa likajengwa kuwazunguka. Nikamwambia kasisi hivyo. Akauliza ushahidi. Nikasema, baba alisema! Akanijibu kwa upole kwamba baba haonekani kwa macho.

Basi ataonekana.

Jumanne, 4 Juni

Makaburini tangu asubuhi. Nimebeba kikapu cha maua ili nionekane mcha Mungu. Chini ya maua: brashi ya waya, kisu cha kumenyea viazi, na chupa ya dawa ya kusafishia choo. Pana kibao langoni kinachokataza kusugua mawe ya zamani. Kibao kimeandikwa kwa ajili ya watalii.

Upupu umenila miguu yote miwili. Mawe yamevaa kuvu kama makoti. Nimesugua moja, akatokea mtu wa ukoo wa Yapp. Nimesugua la pili, Yapp mwingine. Hawa Yapp walikuwa hawana kazi nyingine ila kufa?

Enid akatokea na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Akaniuliza ninafanya nini nimepiga magoti. Nikasema nasali. Akasema sala zangu zinanuka choo.

Yeye hasugui. Yeye ana sayansi! Ametema mate kwenye kichupa, akayatuma kwa posta, na watu wa kompyuta wamemjibu kwamba ana damu ya Norwei. Nikamwambia basi akazikwe Norwei, huko nafasi zipo. Akasema, "Winifred, mwenzangu, wivu utakuzeesha." Mimi! Watu wote wanajua mimi ni mdogo kwake kwa miaka miwili. Nimekuwa nikiwaambia.

Jumatano, 5 Juni

Mvua. Sina cha kuandika. Nimemkaripia Percy.

Alhamisi, 6 Juni

NIMEPATA!

Ukuta wa kaskazini, nyuma ya tangi la maji, jiwe limeinama kama mlevi. Nimelimwagia dawa chupa nzima, nikasugua mpaka bega likalia. Herufi zikaanza kutoka moja moja, kama meno ya mtoto. Nimezinakili hapa vilevile zilivyo:

"Hapa amefitiriwa Thomas Leafey, mkulima wa parokia hii, aliyefariki mwaka 1712, pamoja na mkewe Sufan. Mafiku yao yamekwifha. Wanafubiri ufufuo."

Leafey! 1712! Nimekaa chini kwenye majani mabichi nikalia, halafu nikakumbuka yale majani nimeyamwagia dawa.

Mchongaji alikuwa kibogoyo, hilo ni wazi. Alichonga kama alivyotamka. "Yamekwifha"! Mimi niliacha shule mapema kwenda kukamua ng'ombe, lakini hata mimi najua kuandika yamekwisha. Na yule mama masikini, kuitwa Sufan mpaka siku ya kiyama. Lakini jina letu amelipatia. L, e, a, f, e, y. Mungu humwongoza hata kibogoyo panapohusika ukoo wa maana.

Nimepika skonzi kwa furaha. Nimepita kwa Enid, si kwa kumringia, ni kumpa habari tu, kwa sauti, uani kwake, jirani zake wakiwepo. Nikamsomea jiwe lote kutoka kwenye karatasi. Enid akaniomba nirudie jina. Nikarudia. Akauliza kama nina hakika na ile herufi ya katikati. Nikamwambia bibi wee, jina la baba yangu nililinyonya na maziwa. Akasema haya, tutaonana Jumapili, akaingia ndani bila hata kunitukana.

Wivu ukizidi humkausha mtu koo.

Ijumaa, 7 Juni

Matatizo madogo. Jiwe limekauka, nalo limekuwa jeupe. Jeupe kabisa! Linaonekana mpaka barabarani, kama jino jipya kwenye kinywa cha babu. Majani chini yake yamekufa. Bwana Yapp amepiga mbio nyumba kwa nyumba akimtafuta mhalifu. Nikamwambia ni mavi ya njiwa. Akaniuliza ni njiwa gani mwenye brashi. Nikasema siku hizi wapo wa kila aina.

Mchana nikamtia Percy kwenye mfuko wa sokoni, tukaenda kupima nafasi yetu. Nataka kujua atakaa upande gani, maana kitandani alipenda ukutani. Nimepiga magoti chini ya mnara, nimetoa kopo, na nani anasimama nyuma yangu? Enid. Akauliza ni nini hicho. Nikashikwa na butwaa, nikasema unga. Akafurahi! Akasema kina mama wa kanisa wamepungukiwa unga wa keki za Jumapili, nimpe akawapelekee. Akashika kopo. Nikashika kopo. Akavuta, nikavuta. Alinishangaa, akasema, "Winifred, wewe mchoyo mpaka kwa Mungu!"

Nimekimbia na Percy kifuani mpaka nyumbani. Miguu hii. Angalau ameiona nafasi. Kengele za saa zililia tulipokuwa pale, nami nikaweka mkono juu ya kifuniko. Sijui kwa nini. Chuma kilitetema kidogo.

Ni pale pale, Percy. Si kwa nguruwe.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya aibu. Nitaandika upesi upesi, kisha sitaki kuisikia tena.

Ibada ikaisha. Kanisa zima likanifuata nyuma ya tangi la maji. Nilivaa kofia ya harusi ya Doreen. Nikasoma jiwe kwa sauti ya kuhubiri, neno kwa neno. Nilipofika "mafiku yao yamekwifha" nikasikia watu wanakohoa. Nikadhani wamechomwa na maneno.

Kasisi akavaa miwani. Akainama. Akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mwiba, kwamba zamani zile herufi s ikiwa katikati ya neno ilichongwa ndefu, karibu sawa na f, na wengi huchanganyikiwa, si aibu. Kisha akasoma mwenyewe. Amesitiriwa. Susan. Masiku yao yamekwisha. Wanasubiri ufufuo. Ni neno aliyefariki na neno ufufuo tu yaliyokuwa na f zake halali.

Halafu akarudi juu kwenye jina. Leasey.

Nikasema hapana, hiyo ni f, tazameni. Bwana Yapp akaja na kioo chake cha kukuzia. Akasema f ina mkono katikati unaokatiza pande mbili, na hii mkono wake ni nusu. Akanionyesha f ya ufufuo na hiyo nyingine, zikiwa safi kabisa, zinang'aa. Nani alizing'arisha? Mimi! Kwa brashi yangu na dawa yangu!

Enid akakaa kwenye ukingo wa kaburi la Yapp. Uso mweupe kama jiwe lenyewe. Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa Leasey, alitolewa mtoto mdogo akapelekwa mjini kulelewa, na hakuna aliyewahi kujua alitoka kijiji gani. Maisha yake yote Enid anatafuta. Ametema mate bure. Na leo ukoo wa bibi yake umeonekana nyuma ya tangi la maji.

Watu wakapiga makofi. Kina mama wakalia. Bwana Yapp, yuleyule, akavua kofia na kumwambia, "Karibu nyumbani, Bibi Crouch." Kisha akanigeukia mimi, bila kuulizwa na mtu, akasema kwamba kwa anavyojua yeye akina Leafey walikuja na ujenzi wa reli, babu yangu akibeba koleo.

Yaani mgeni ni mimi!

Enid akanifuata langoni. Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa na yangu tayari. Akanishika mkono. Akasema bila mimi asingejua kamwe. Akasema pia kwamba usiku wa kuamkia jana aliwaza juu ya lile kopo, akaelewa si unga, na ameona haya mno. Majivu hayachukui nafasi kubwa, akasema. Percy awekwe pale pale chini ya mnara, miguuni pake, azisikie kengele.

Miguuni pa Enid Crouch! Percy wangu! Na mimi niende kwa nguruwe, yeye akae milele akimkuna huyo nyayo? Nikamwambia afadhali niwe ndugu wa nguchiro kuliko kumkopesha mume. Nikaondoka. Nimekula skonzi zote.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na akili safi. Nilikosea jambo moja tu: kukubali haraka.

Fikiria vizuri. Mchongaji hakukosea. Kasisi ana vitabu, lakini mchongaji aliwajua hao watu. Aliyekosea ni bibi yake Enid. Mtoto mdogo, ametolewa kijijini, meno ya mbele yameng'oka kama ya watoto wote. Wakamuuliza, unaitwa nani? Masikini akasema Leafey, hewa ikapita kwenye pengo, ikatoka Leasey. Mjini wakaandika hivyo hivyo. Watu wa mjini!

Kwa hiyo bibi yake Enid ni Leafey. Kwa hiyo Enid ni Leafey. Kwa hiyo Enid ni ndugu yangu wa damu, Mungu anisamehe, na kaburi ni la ukoo.

Na katika ukoo, mkubwa huchagua kwanza. Nilisema mimi ni mdogo kwake kwa miaka miwili? Upuuzi. Ni mkubwa kwake kwa mitano, na cheti kipo. Mimi na Percy tutalala chini ya mnara, na mdogo wangu Enid tutamweka miguuni. Nafasi ndogo itamtosha, si mnene.

Nimempigia simu Doreen aje na gari. Akaniuliza, mama, huchoki? Nikamwambia afunge mdomo na anunue dawa ya choo chupa mbili, maana ule mkono wa herufi upande wa kulia ni uchafu tu umeuziba. Ukisuguliwa vizuri utatokea.

Percy, shuka hapo juu uingie mfukoni. Tunakwenda kwa shemeji yako. Na ukifika, usiseme neno.