Chungu cha Kwanza

Jumatatu, 24 Februari 2025

Siku kubwa! Papa Eugène, mkuu wa kamati yetu ya kupokea wakimbizi katika shule hii ya Uvira, amekubali. Kuanzia leo orodha ya watu wanaokimbia vita kutoka uwanda wa Ruzizi itatengenezwa na mashine yangu, kompyuta, si na madaftari ya Apolline.

Apolline ni mwalimu wa darasa la tatu. Ana madaftari manne ya bluu, na kalamu amejifunga shingoni kwa uzi. Nilimweleza Papa Eugène kwamba daftari ni mambo ya wakati wa Wabelgiji. Apolline akauliza kama mashine itatembea yenyewe nyumba kwa nyumba. Wivu tu.

Nimeahidi: ikifika Alhamisi kila familia ina kadi, na kila mtoto aliyetengana na wazazi njiani anaonekana kwa sekunde moja. Ijumaa magari yanawavusha watu kwenda kambini Burundi. Asiye na kadi hapandi. Nikifaulu, ninakuwa chef, yaani mkubwa, wa data, na ninapewa gilet, kizibao cha kazi. Ile ya mifuko minane! Nimeitamani tangu Krismasi.

Jumanne, 25 Februari

Balaa. André, aliyezunguka mtaa wa Kavimvira akiandika watu kwenye simu yake, amenitumia faili. Nyumba mia tatu na arobaini. Kila kitu kimewekwa ndani ya kitu kingine: ndani ya nyumba kuna chungu, ndani ya chungu kuna watu, ndani ya mtu kuna jina, umri na simu. Programu yangu inafuata njia hiyo hiyo. Ingia nyumba, shika chungu, shika mkubwa wa familia, soma simu. Mstari mmoja tu! Mzuri hata kuutazama.

Nyumba ya saba, hakuna simu. Mashine imekufa. Nyumba ya kumi na moja, hakuna mkubwa wa familia, kuna wajukuu tu wanaolindana. Imekufa tena. Nyumba ya kumi na tano, vyungu vitatu. Imekufa kabisa, nikaizima kwa kidole.

Nimempigia André kumgombeza. Huyu ni mtu wa Luvungi, kule uwandani, mpole, hana haraka hata wakati wa risasi. Akasema kwao huulizi nyumba ina watu wangapi, hakuna atakayekujibu, kuhesabu watoto wa mtu ni kuwatakia mabaya. Unauliza hapa vinapikwa vyungu vingapi, na nani anakula chungu gani. Nyumba iliyopokea wageni ina chungu cha wenyeji, chungu cha wageni, pengine na kingine cha wageni wa wageni. Nikamwambia vita ni vita, wapike pamoja. Akasema ndiyo, Papa Clovis, lakini chungu chenyewe ni kidogo.

Dawa nimeipata saa tisa. Mashine ichukue chungu cha kwanza, vingine iache. Na kitu chochote kikikosekana isife, iandike "Hakuna", isonge mbele. Imepita nyumba zote mia tatu na arobaini bila kukohoa. Mimi ni fundi!

Jumatano, 26 Februari

Papa Eugène amesoma orodha. Akauliza huyu Bwana Hakuna ni nani, mbona ana familia mia na tisa. Chumba kizima kikacheka. Apolline alicheka mpaka akafuta machozi kwa daftari.

Kisha akaingia Mama Generose, na kicheko kikaisha. Ametoka Luvungi kwa miguu na watoto watatu. Karibu na Sange risasi zililia, watu wakatawanyika kwenye mashamba ya mpunga, na alipowakusanya watoto wake walikuwa wawili. Anayekosekana ni Bella, miaka sita, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Mdogo wao ana homa kali na anasubiriwa na daktari kambini, kwa hiyo Ijumaa mama huyu lazima avuke. Anataka kujua kitu kimoja tu kabla ya kupanda gari: Bella yuko Uvira au hayuko?

Nikaandika jina. Sekunde moja! Hakuna. Nikageuza mashine aone mwenyewe. Akauliza kama imetafuta kila mahali. Nikasema kila mahali, mama. Aliitazama kama anavyotazamwa mtu mwongo. Akasema, "Mashine yako haimujue. Minye nilimuzala. Mutoto iko mu hii muji."

Apolline akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimefungua vyungu vyote. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Mchana nimerudisha sahani ikiwa bado imejaa. Ndagala, dagaa wa ziwani, hawakuiva vizuri, ndiyo sababu.

Alhamisi, 27 Februari

Papa Eugène hataki kadi isiyo na simu. Nami nina familia karibu mia mbili ambazo hazina simu pale mashine inapotazama. Wengine simu zao zimeanguka mtoni, wakatoa namba ya ndugu, na André akaiweka ndani ya ndugu, ndani ya maelezo, ndani ya sijui nini. Kila familia na mahali pake! Siwezi kuingia kila kichaka.

Nimekata shauri. Simu ikikosekana, mashine iweke yangu. Si ndiye mimi chef? Kadi zote zimetoka kabla ya saa kumi. Kadi ya Mama Generose pia ina namba yangu, ya kwake ilikwenda na maji ya mto Ruzizi. Nilimwambia akifika ng'ambo apige wakati wowote, hiyo ni namba ya wakubwa. Akaikunja kadi akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Nimepewa gilet! Inanifika karibu magotini. Siivui.

Ijumaa, 28 Februari

Magari yamefika saa mbili. Mama Generose alikuja kwanza kwangu. Nikamtafutia tena. Hakuna. Mashine si mtu, haibadilishi maneno.

Alisimama muda mrefu, mguu mmoja juu ya ngazi ya gari, mwingine chini. Mtoto mgonjwa alikuwa anatetemeka mgongoni. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Mama akapanda. Sikuweza kumtazama. Nilijifanya ninatafuta kalamu, na mifuko minane inachukua muda.

Simu yangu imelia mara sitini na tatu. Mjomba wa fulani, mama mkwe wa fulani, askari wa mpakani, padri mmoja wa Sange. Wote wanamtaka mtu ambaye si mimi. Nikaipanga ikatae namba yoyote nisiyoifahamu. Amani!

Jumamosi, 1 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Apolline ameingia na mtoto wa kike amemshika mkono. Kovu, mkono wa kushoto. Tangu Alhamisi alikuwa anazunguka Kavimvira, jiko kwa jiko, akiuliza nani anakula wapi. Bella alikuwa kwa watu, dakika ishirini kutoka hapa. Mama mmoja wa Sange alimkuta akilia kwenye mpunga, akamchukua, akamlisha pamoja na wa kwake.

Nikafungua faili ya André kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumba ya kumi na tano. Chungu cha tatu. Mtu wa nne: Bella, miaka sita, kovu, mama yake anaitwa Generose. Yumo humo tangu Jumanne. Mashine yangu ilifika mlangoni kwake, ikashika chungu cha kwanza, ikaondoka.

Nilikaa chini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Apolline akasema tumpigie mama. Akasoma namba kwenye orodha yangu, akabonyeza kwenye simu yake. Gilet ikaanza kulia. Mfuko wa tano. Namba ya Apolline mimi ninayo, kwa hiyo ilipita. Kumbe yeye ya kwangu hajawahi kuihifadhi! Watu wote wakanigeukia. Nilijaribu kuizima kwa nje, ikazidi kulia. Bella akauliza kama mama yake ndiye yuko mle ndani ya mfuko.

Namba ya kaka wa Generose, ile ya kichakani ndani ya maelezo ya André, tumeipata hatimaye. Haiiti. Luvungi haina rezo ya simu tangu juzi.

Jumatatu, 3 Machi

Apolline amenyoosha mkono akadai simu yangu. Nikampa. Akafungua mahali pa simu zilizokataliwa. Namba moja ya Burundi, mara kumi na saba, kuanzia Ijumaa mchana hadi jana asubuhi. Nilikuwa nimeisahau kabisa ile amani yangu.

Akapiga. Akapokea mama anayeuza parachichi karibu na kambi. Akasema ndiyo, kuna mama wa Luvungi alikuwa anaazima simu yake. Alikuwa anapiga, anangoja, anapiga tena, anasema wakubwa wana kazi nyingi lakini watapokea. Jana mchana magari yamewahamisha watu wale kwenda kambi nyingine, mbali ndani ya nchi. Ipi, hajui. Alipanda akiwa analia.

Apolline hakunitukana. Afadhali angenitukana. Papa Eugène ameniambia nivue gilet. Nikavua.

Jumanne, 4 Machi

Apolline amevuka na Bella, daftari moja na barua ya kamati. Atazunguka kambi moja baada ya nyingine mpaka ampate mama. Nilimletea Bella biskuti. Akaniuliza kama ni mimi mwenye mashine inayojua watu wote. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nilikwenda nyuma ya choo cha shule nikalia, nasema ukweli.

Kabla ya kuondoka Apolline alimwomba Papa Eugène aniache niendelee, maana watu bado wanaingia kila siku na madaftari yake yamejaa. Kisha akaniambia, "Clovis, fungula kila chungu. Na simu za batu, uandike za bo benyewe." Maneno mazito. Yameniingia.

Jumatano, 5 Machi

Mimi ni mtu mpya! Nimeandika programu upya yote. Sasa inafungua vyungu vitatu. Si kimoja, vitatu kamili! Saa tano nyumba moja ya mtaa wa Mulongwe imeleta vyungu vinne, mashine ikafa. Nimempigia André awaombe wapunguze kimoja. Akasema sawa, Papa Clovis.

Na kosa la simu nimelisahihisha kabisa. Namba yangu nimeitoa kila mahali. Simu ikikosekana, mashine inaweka ya Apolline. Yeye ana sauti ya upole na anapenda kusikiliza watu. Kadi mpya mia mbili na kumi na sita zimetoka mchana. Nimepeleka pia tangazo redioni kwamba mwenye shida yoyote ampigie yeye, likasomwa mara tatu. Papa Eugène hajasema chochote kuhusu gilet, lakini hajaikataa.

Alhamisi, 6 Machi

Shule nzima inauliza kama Bella amefika kwa mama yake. Yule mama wa Sange aliyemwokota amekuja mara mbili, amekaa mlangoni na bakuli la ugali, anasema haondoki bila habari.

Nimempigia Apolline mara ishirini na mbili. Occupée, yaani anaongea na mtu mwingine. Kila nikipiga, occupée. Mtoto wa watu yuko ugenini, mama yake hajulikani yuko kambi gani, na mwanamke huyu anapiga soga na dunia nzima! Nimemwandikia Papa Eugène ripoti ya ukurasa mmoja kwamba Apolline hajui kutumia simu.